Figo huchujaje damu, na nani huamua kasi yake?

Figo huchuja kiasi gani kwa siku?
Lita 180 hivi za majimaji. Mtu mzima ana damu lita 5 tu, na majimaji ya damu hiyo ni kama lita 3, kwa hiyo ni yaleyale yanayopita kwenye chujio mara 60 hivi kwa siku.

Mbona basi nakojoa lita moja na nusu tu?
Kwa sababu karibu yote hurudishwa. Yakishachujwa huingia kwenye mirija myembamba, nayo huyanyonya tena maji, sukari na chumvi inayohitajika. Mabaki ndiyo mkojo. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa ana sukari nyingi kuliko mirija inavyoweza kurudisha. Sukari ile hutoka na maji, ndiyo maana anaamka usiku kwenda chooni.

Chujio lenyewe likoje?
Kila figo ina vishada vya mishipa kama milioni moja, kila kimoja huitwa glomerulasi. Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu hahitaji maelezo mengi: tui hupita, machicha hubaki, na kinachosukuma ni mkono. Kwenye figo, mkono ni presha ya damu. Maji, chumvi, na taka za mwili kama urea na kreatinini hupita. Chembe za damu na protini kubwa kama albumini hubaki. Ukiona mkojo unatoa povu zito kila siku, nenda ukapime protini, huenda kifumbu kimeanza kutoboka.

Presha hupanda na kushuka kutwa nzima. Uchujaji nao hauyumbi?
Hauyumbi sana, na hapa ndipo penye ufundi. Kila kishada kina mshipa wa kuingizia damu na wa kuitolea, na yote miwili hujibana na kulegea. Presha ikipanda, ule wa kuingizia hujibana. Zaidi ya hapo, mrija hupinda ukarudi hadi jirani na kishada chake, na seli zilizopo pale huonja chumvi. Ikiwa nyingi, uchujaji umekwenda mbio, basi mlango wa kuingilia hubanwa. Ikiwa kidogo, mlango hulegezwa, na figo hutoa kemikali iitwayo renini. Renini huanzisha utengenezaji wa angiotensini, ambayo hubana zaidi mlango wa kutokea ili msukumo usipotee. Hivyo kasi hubaki karibu mililita 125 kwa dakika.

Nilikuwa naharisha, mgongo ukaniuma, nikameza diklofenaki. Nimekosea?
Wakati ule haukuwa wake. Mwili ukipungukiwa maji, kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini ndizo zinazosaidia kuushikilia wazi mlango wa kuingilia. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia prostaglandini kutengenezwa. Mlango unabanwa na uchujaji unaweza kuanguka ghafla. Mtu mwenye afya, asiyekosa maji, akimeza kwa siku chache kwa kawaida hadhuriki. Wa kuogopewa ni mzee, mwenye ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za kukojoza maji pamoja na za presha kama enalaprili au losartani, maana hizi za presha hulegeza mlango wa kutokea. Usiziache mwenyewe, muulize daktari. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo chake huwa nafuu zaidi kwa figo. Na kama mkojo umepungua sana tangu uanze kuharisha, usingoje kesho: nenda hospitali upimwe kreatinini.