Tumekuwa jiji, jaa liko pale pale

Juzi baada ya laasiri nilikaa barazani kwa bibi mmoja mtaani kwetu, Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar. Mbele yetu, penye kona ya njia, kuna jaa: makumbi ya madafu, mifuko, godoro lililopasuka na kuku wawili wanapekua.

"Mwanangu," akaniuliza, "wewe si ndiye unayesomesha madiwani? Tumeambiwa tuna jiji. Jaa hili la jiji, au la nani?"

Nikamjibu, "La manispaa, bibi." Akacheka mpaka akajipiga kofi la goti.

Swali lake ndilo ninalokutana nalo kila ninapofundisha. Jiji letu lina ngazi mbili. Chini kuna manispaa tatu, yaani Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Juu yake kuna Baraza la Jiji lenye Mstahiki Meya. Mji umefurika zamani ukapita mipaka yake: sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Kuongeza ngazi kulikuwa na sababu.

Na kuubadilisha muundo huu hakuhitaji ruhusa ya Serikali ya Muungano kule Dodoma. Serikali za mitaa si jambo la Muungano. Sheria yake, Namba 7 ya 2014, ilipitishwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na Chukwani hapo hapo, linapokaa baraza hilo, ndipo inapoweza kubadilishwa.

Ila mimi huwaambia wanafunzi wangu wasiangalie ubao wa mlangoni, waangalie saini: nani anamweka nani kazini. Siku ya uchaguzi Mzanzibari hupewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, na Diwani. Ya diwani ndiyo tunayoipigia tukiwa tushachoka. Huyo diwani akifika barazani anamchagua meya pamoja na wenzake, lakini mkurugenzi, anayeendesha ofisi siku hadi siku, anateuliwa na Rais. Meya anavaa joho. Gari la taka halendi kwa joho.

Wengi huniambia dawa ni wananchi kumchagua meya moja kwa moja. Labda. Mimi ningeanzia chini, kwa sheha, mkuu wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya serikali kwetu. Ndiye serikali tunayoijua kwa sura: ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi unapita kwake, ukigombana na jirani kwa ukuta unapita kwake. Bara, mwenyekiti wa mtaa anapigiwa kura. Kwetu sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa.

Niliwahi kulisema hili mbele ya masheha wenyewe (sikupewa hata kahawa). Mmoja, mtu mzima wa heshima, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, mimi nazika na watu wa vyama vyote. Unitie kwenye kampeni, nani ataniita msibani?" Kwa anayezijua chaguzi za visiwa hivi, hiyo si hoja ya kupuuza, na mpaka leo sijaipatia jibu linaloniridhisha. Pengine kura ya sheha isiwe na bendera wala rangi ya chama, watu wa shehia wapendekeze majina msikitini na skuli. Hapo tena sheria itabidi iandikwe upya, si kutiwa kiraka.

Bibi yule hakungoja sheria. Jioni alimtuma mjukuu wake na koleo, godoro likaondoka. Makumbi bado yapo.