OOM killer ni nini, na kwa nini MySQL yako haikukrashi

Seva ya MySQL ikizimika ghafla, wengi husema "database imekrashi" na kuanza kukarabati majedwali. Mara nyingi majedwali hayana neno. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ndiyo iliyoiua mysqld, programu yenyewe ya seva ya MySQL.

OOM killer (OOM ni "out of memory", kuishiwa kumbukumbu) ni sehemu ya kerneli ambayo, RAM na swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) zikiisha, huchagua mchakato mmoja wa kuuawa ili mashine ibaki hai. Huangalia alama iliyo katika /proc/PID/oom_score. Mwenye kushika kumbukumbu nyingi ndiye mwenye alama kubwa, kwa hiyo mysqld huuawa hata kama aliyemaliza RAM ni PHP au skripti ya bekapu.

Kukrashi ni kitu kingine. Programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, ikapata ishara (signal) namba 11 kutoka kerneli, au imejisimamisha yenyewe kwa namba 6 baada ya kukuta data imeharibika. Hapo mysqld huwahi kuandika "mysqld got signal 11" kwenye logi, na chini yake mfululizo wa funksheni zilizokuwa zikiendeshwa. OOM killer hutumia ishara namba 9, ambayo programu haiwezi kuizuia, basi logi inakatika bila hata mstari wa kuaga. Kinachofuata ni kuwaka upya, na InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, inaandika "crash recovery". Maneno hayo ndiyo yanayopotosha watu! InnoDB huyaandika kila ikikuta haikuzimwa kwa utaratibu, hata umeme ukikatika.

Ushahidi uko kwenye logi ya kerneli:

dmesg -T | grep -i "killed process"

Kama mashine nzima imewashwa upya, tumia journalctl -k -b -1. Ukikuta "Out of memory: Killed process" na jina mysqld, soma jedwali la michakato lililo juu yake. Safu ya rss (RAM iliyoshikwa na mchakato) huhesabu kurasa, kwa kawaida za KB 4, basi zidisha kwa 4 upate KB, umwone mlaji halisi. Usipokuta kitu, huenda namba 9 imetoka kwa mtu aliyeandika kill -9, au kwa systemd (inayowasha na kuzima huduma) iliyochoka kusubiri mysqld izimike.

Kuweka OOMScoreAdjust=-1000 kwenye mipangilio ya systemd kunamkinga mysqld tu; kerneli itaua mwingine, na RAM bado haitoshi. Kwenye mashine ya GB 4 inayobeba pia Apache, innodb_buffer_pool_size (RAM ambayo InnoDB hutumia kushikia data) ya GB 3 ni kubwa mno, na miunganisho 151 ya max_connections kila mmoja unadai bafa (kumbukumbu za muda) zake juu ya hapo.

Kwa hiyo kwenye ripoti tuandike "kerneli imeiua mysqld kwa kukosa kumbukumbu". Anayepokea zamu ataanza na vipimo vya kumbukumbu, ayaache majedwali.