Povu la Mafiga Matatu: Kihami Kinachostahimili Joto

Ukikata paneli ya chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, utakuta mabati mawili membamba na katikati povu gumu la manjano hafifu. Zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wa povu hilo ni gesi. Gesi iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Plastiki kazi yake ni kuifungia.

Povu huanza na vimiminika viwili, polioli na isosayaneti. Maabara huwa tunavichanganya kwenye kikombe cha karatasi. Unakoroga sekunde chache, mchanganyiko unakuwa mweupe kama uji, kisha unaumuka mbele ya macho yako hadi unafurika. Usiuguse! Moyo wake hupita nyuzijoto 100. Joto hilo ndilo linalochemsha pentani, kimiminika kinachogeuka mvuke upesi, iliyotiwa humo, na mvuke wake hujaza vipovu. Zamani badala ya pentani ilitumika kemikali ya CFC-11, ambayo Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa, iliipiga marufuku kwa kuharibu tabaka la ozoni.

Povu la kawaida la vimiminika hivyo viwili ni poliyurethani, iliyovumbuliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Huhami vizuri, yaani huzuia joto kupita, ila vifungo vinavyoshikanisha molekuli zake huanza kuachia kwenye nyuzijoto 200 hivi. Dawa yake ni kuzidisha isosayaneti na kutia kichocheo cha potasiamu. Molekuli za isosayaneti zilizokosa polioli hushikana zenyewe, tatu tatu, kama mafiga. Pete hiyo ya mafiga, inayolipa povu jina la poliisosayanureti (PIR), huvumilia hadi karibu nyuzijoto 300.

Tofauti utaiona kwenye moto. Povu jeupe la kufungashia televisheni hunywea na kudondoka matone. Hili la mafiga hujifanyia ukoko mweusi juu, kama wa wali, unaokinga sehemu ya chini.

Lakini kustahimili joto si kutoungua, na hapa nawasihi wajenzi wanisikilize. Povu hili likiungua hutoa gesi za sumu, kaboni monoksaidi na sayanidi ya hidrojeni. Katika jengo la Grenfell, London, mwaka 2017, watu 72 walikufa. Moto ulipanda hasa kupitia paneli za nje zenye polithini, lakini vihami vya povu vilivyokuwa nyuma yake navyo viliuchochea.

Anayepulizia povu avae kinga kamili ya kupumulia, kwani isosayaneti husababisha pumu. Na fundi asichomelee karibu na paneli iliyokatwa kabla hajafunika kingo zake kwa bati. Pale povu liko wazi, na cheche zinaweza kuliwasha.