Maua ya chuma kwenye kichanja cha bustani: yanayosemwa na yalivyo

Tukiwa tunakunja maua ya chuma, ile mizunguko ya mapambo, hapa Nkuhungu, Dodoma, wapita njia hawakosi la kusema. "Fundi, pasha moto kwanza, utajiumiza bure!" Hilo nalisikia karibu kila siku, na si kweli. Flatibaa, yaani chuma bapa, ya milimita 25 kwa 3, hii tunayotumia kwa maua ya madirisha na vichanja vya kupandishia mimea, ni chuma laini chenye kaboni kidogo. Ukiizungusha kwenye duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 2, upande wa nje unavutika kama asilimia 7 tu, wakati chuma hiki huvumilia zaidi ya asilimia 20 kabla hakijakatika. Ukikipasha moto sehemu moja, hapo ndipo kinapolainika na kuvunja kona, na duara linaharibika. Moto uwekee chuma kinene.

Wengine wanaamini mkanda wowote wa chuma unafaa. Kaka mmoja alituletea mzigo wa ile mikanda myembamba inayofungia vigae. Tuliukunja mmoja, tukauachia, ukafyatuka na kurudi karibu kunyooka. Mikanda ile imetengenezwa iwe migumu ili isilegee safarini. Haitulii kwenye umbo, ukiilazimisha hukatika, na kingo zake zinachana mikono.

Linalowasumbua zaidi vijana wanaojifunza ni jigi, yaani umbo la chuma la kukunjia ua. Wanachora ua kwa chaki, wanachomelea jigi sawasawa na mchoro, kisha wanashangaa ua linatoka kubwa. Chuma kikiachiwa hurudi nyuma kidogo, hata kikiwa laini, na duara likiwa pana kinarudi zaidi. Kwa hiyo jigi iwe ndogo kuliko ua unalolitaka. Usikisie: kunja kipande kimoja, kipime, punguza duara la jigi, kunja tena. Anzia katikati, ncha ikiwa imebanwa vizuri, na mkono wako ukae karibu na pale chuma kinapogusa jigi. Ukivuta kutoka mbali, kipande kilicho katikati kinapinda kabla ya zamu yake.

Na urefu? Usikate kwa macho. Ua la mizunguko miwili, lenye kipenyo cha sentimita 4 ndani na 16 nje, lina wastani wa 10. Zidisha 10 kwa 3.14, kisha mara 2: unapata karibu sentimita 63. Baa ya mita 6 inakupa maua tisa.

"Dodoma kukavu, rangi ya nini?" Mama, mvua zetu ni chache, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, lakini kichanja unakimwagilia mwaka mzima! Kutu inaanzia mguuni, pale chuma kinapoingia udongoni, na kwenye viungo ambako maji hujificha. Piga msasa, paka redioksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kila ua kabla ya kuliunganisha, maana baadaye brashi haifiki kote.

Hili linanitia uchungu: kuchomelea chuma chenye zinki kisha kunywa maziwa "kusafisha kifua". Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umeingia mapafuni. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Saga zinki yote pale utakapochomelea, fanyia kazi nje, upepo ukupige ubavuni ili moshi usipande usoni.

La mwisho ni la wenye mizabibu. Maua hayabebi mzigo. Ukiyaning'inizia vichala yanafunguka kama springi. Uzito uachie fremu na nguzo. Tena vile vikono vya mzabibu hupenda kushika kitu chembamba, na upana wa milimita 25 vinahangaika nao. Pitisha nyaya nyuma ya maua, kutoka nguzo hadi nguzo, na matawi machanga yafunge kwa kamba laini bila kukaza.