Kujizuia sio kukaza roho tu

Watu wanakuja kwangu hapa Ngara wananiambia "daktari mimi siwezi kujizuia" (si daktari, ni mshauri nasaha, lakini nilichoka kurekebisha) na ukiuliza kujizuia ni nini utaambiwa ni kukaza roho basi. Mimi naona shida inaanzia kwa neno lenyewe. Kuzuia ni kama kuzuia maji ya mvua mlangoni na mikono, utachoka tu. Biblia ile ya Union, Wagalatia 5:23, wao waliandika kiasi, na Kigiriki cha pale ni enkrateia, ndani yake kuna kratos yaani nguvu au mamlaka, kwa hivyo kujitawala ingekuwa karibu zaidi. Lakini kiasi naipenda, haikukatazi chai, inakuuliza tu sukari vijiko vingapi.

Sasa kuna ule utafiti wa mwanasaikolojia Walter Mischel pale chuo cha Stanford, Marekani, mwisho wa miaka ya 1960 kuendelea, mtoto anawekewa kitu kitamu mezani anaambiwa akingoja ataongezewa. Watu husimulia kama waliongoja walikuwa na roho ya chuma, kumbe kuna waliofunika macho, wengine wakaimba, wengine wakageuka wasione. Hawakupigana nacho, walikihepa! Ndio maana mtu wa kubeti simwambii akaze roho, namwambia tufute hiyo app hapa hapa tukiwa wawili, na mshahara ukiingia rent na fees zitoke kwanza kabla hajafungua simu vizuri.

Lakini utafiti unaonigusa zaidi ni wa Celeste Kidd na wenzake kule chuo cha Rochester, Marekani pia, 2013. Watoto 28, kwanza waliahidiwa vitu poa vya kuchora, nusu wakaletewa, nusu wakaambiwa pole hakuna. Halafu ndio wakapewa mtihani wa kungoja. Waliodanganywa walingoja kama dakika 3 hivi, wale wengine 12.

Chama changu cha kwanza mweka hazina alihepa na pesa zetu zote, na baada ya hapo karibu miaka miwili kila shilingi nilikula siku ile ile, ungenipima kujizuia wakati huo ningefeli vibaya sana na nilikuwa tayari nasomea hii kazi. So siku hizi mtu akikaa tu namuuliza kwanza nani alimuahidi kitu akakosa kumpa. Wengine wanakasirika, walikuja kutafuta dawa.