Kuvuja damu tumboni: lini mtu huongezwa damu

Kuvuja damu tumboni ni damu kutoka popote kwenye njia ya chakula, tangu umio hadi tundu la haja kubwa. Mara nyingi huwa kidogo na hukoma yenyewe. Ya kuogopwa ni ile inayotoka kwa wingi hadi mgonjwa ikabidi aongezwe damu.

Huku kwetu Lamu watu huponzwa na dalili. Damu iliyotoka tumboni kwa kawaida haifiki chini ikiwa nyekundu. Huwa imeshageuka njiani, na mtu huenda choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka kupita kiasi. Yeye husema ni chakula alichokula jana, akangoja. Ni kweli vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa waja wazito huleta choo cheusi pia, lakini hakinuki vile, wala vidonge hivyo havimtii mtu kizunguzungu, jasho baridi na moyo kwenda mbio.

Chanzo kikubwa ni vidonda vya tumbo, na vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Hili la dawa linaniuma sana, kwa sababu linaepukika. Mzee ana magoti, mvuvi ana mgongo, kila mmoja ananunua diklofenaki dukani na kumeza miezi na miezi pasipo kuulizwa neno. Dawa hizi hudhoofisha ute unaokinga ukuta wa tumbo. Kidonda kikichimba hadi kwenye mshipa, damu humwagika. Anayetumia pia dawa ya kuzuia damu kuganda yumo hatarini zaidi. Mwenye vidonda aulize kwanza kuhusu parasetamoli badala ya dawa hizo.

Kuna na mishipa ya umio. Ini likishajaa makovu, kwa homa ya ini aina ya B au C au kwa pombe, damu hukosa njia ya kupita, mishipa ya umio ikafura na mwisho kupasuka. Huyu hutapika damu nyingi kwa ghafla. Kichocho cha matumbo nacho huweza kuleta hali hiyo, ingawa kichocho cha pwani yetu hasa ni kile cha mkojo. Saratani, homa ya matumbo na bawasiri nazo zimo.

Si kila anayevuja huongezwa damu. Kwa kawaida madaktari humwongeza mtu damu pale himoglobini, yaani kitu chekundu cha damu kinachobeba oksijeni, inaposhuka chini ya gramu 7 kwa desilita, au 8 kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Lakini anayemwaga kwa kasi, presha imeshuka, hangojewi kipimo. Mwanzoni kipimo huweza kuonekana kizuri, kwa sababu chembe na maji ya damu vimetoka pamoja. Damu hiyo humpa mgonjwa muda tu. Kidonda chenyewe hutibiwa kwa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na kwa kamera inayopitishwa mdomoni, ambayo haipatikani kila hospitali.

Kwa hiyo aliye Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, asingoje kupambazuke, wala asilale na choo cheusi akitarajia kitakoma. Chombo kitafutwe mapema, hasa wakati wa kusi bahari ikichafuka. Na wanaomsindikiza wawemo watu wazima wa afya njema, wenye kilo 50 au zaidi, kwani huenda wakaombwa wachangie damu.