Mkeka wa karibu na ukuta

Kwa miaka 11 mkeka ule ulitandikwa mahali pale pale: karibu na ukuta, upande wa mlango. Mwenyewe alinizidi umri kwa miaka ishirini na ushee, lakini tangu siku ya kwanza aliniita mwalimu, nami nikamwita Mzee. Amefariki. Nimejaribu mara kadhaa kuandika habari zake, na kila mara najikuta naandika juu ya mkao mmoja tu wa yoga, shavasana. Basi nianzie hapo.

Kwa Kisanskriti shava ni maiti, kwa hiyo shavasana ni mkao wa maiti. Unalala chali, miguu imeachana kidogo, viganja vinatazama juu, macho umefumba. Ndio unaofunga somo. Anayetazama kwa nje huona watu wamejipumzikia, lakini walimu wengi watakwambia kuwa huo ndio mgumu kuliko yote, maana hakuna cha kufanya. Msuli ukikaza, unaulegeza. Wazo likija, hulifuati. Mzee hakuuweza. Mwaka mzima wa kwanza hakufikisha dakika tatu. Alikuwa akiinuka polepole, akaanza kukunja mablanketi ya akiba, ncha juu ya ncha, kimya kabisa ili asiwasumbue wenzake. Nilimwacha. Ukimlazimisha mtu atulie, unamkaza zaidi.

Mikao ya kuinama nayo ilimsumbua. Katika miaka yote hiyo vidole vyake havikuwahi kufika kwenye nyayo, tukatumia mkanda. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India aliyefariki mwaka 2014, ndiye aliyefanya mikanda, matofali ya mbao na viti vizoeleke madarasani, na kila nilipomfungia Mzee mkanda nilimshukuru moyoni. Patanjali, mwandishi wa kale wa misingi ya yoga, naye anasema mazoezi hushika mizizi yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo wote. Mzee alilipenda hilo la katikati. Goti lilipomvimba alikuja vilevile, akakaa kitini, akapumua pamoja nasi saa nzima.

Kisha moyo wake ukaanza kushindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Siku hiyo nilimlaza miguu ikiwa imeegemea ukuta, mkao ninaowapa waliochoka. Haikupita dakika akaomba kushuka, pumzi zinamwishia. Kosa lilikuwa langu. Miguu ikiinuliwa, damu hurudi kifuani kwa wingi. Moyo wenye nguvu huimudu. Ulio dhaifu huelemewa, maji yakaanza kujaa mapafuni. Ndiyo sababu wagonjwa wa namna hii wengi hushindwa hata kulala chali, usiku wakaongeza mto juu ya mto. Tangu siku ile namuuliza kila mwanafunzi habari za afya yake ana kwa ana, na baada ya miezi michache namuuliza tena. Kama unafundisha, nakuomba nawe ufanye hivyo. Fomu aliyoijaza miaka iliyopita haijui kilichompata mwezi uliopita.

Daktari wake alipotoa ruhusa tulipanga upya kila kitu. Tukaacha kuinua miguu, tukaacha mikao inayoweka kichwa chini ya moyo, tukaacha kabisa kubana pumzi. Tukabaki na kusimama wima, kujizungusha taratibu kitini, na kupumua: kuvuta kwa hesabu ya 3, kutoa kwa hesabu ya 5. Pumzi inayotoka polepole hupunguza mapigo ya moyo kupitia neva ya vagasi, itokayo ubongoni hadi moyoni, na mtu huihisi mwenyewe, mabega yakishuka. Nilimwambia wazi kwamba haiponyi moyo uliochoka.

“Najua, mwalimu,” akasema. “Nimekuja kwa sababu leo ni Jumanne.”

Kwenye shavasana nilimwinua kifua kwa blanketi moja, baadaye mawili, baadaye manne. Mwishowe akawa anakaa kitini, ameegemea mto. Na hapo ndipo yule aliyekuwa hatimizi dakika tatu akawa wa mwisho kufumbua macho. Wenzake walikunja mikeka, wakavaa viatu, wakaagana, yeye bado yumo. Hilo liliniuma na kunifurahisha kwa pamoja: alikuwa ameujua mkao wakati mwili wake ulikwisha kukataa kulala.

Majuma ya mwisho nilimfuata nyumbani. Somo zima lilikuwa jambo moja: kuegemea mito mitano, viganja juu ya shuka vikitazama juu. Nami nilikuwa nimekaa pembeni, namhesabia pumzi, namwangalia kifua. Siku moja akanikatiza.

“Mwanangu,” akasema, na hakuwahi kuniita hivyo, “acha kunilinda. Nawe fumba macho.”

Nikafumba. Sijui tulikaa muda gani.

Nilipokwenda kumuaga, alikuwa amelala chali. Nilikuwa sijamwona hivyo kwa miezi 8. Mgongo umenyooka, hana mto, hana blanketi chini ya kifua. Mikono walikuwa wamemlaza juu ya kifua, viganja vimeelekea chini. Niliitazama muda mrefu mikono ile, nikitamani kuigeuza.